Kitenzi cha Mwalimu wa Darasa la Sita

Kamusi ya Kiingereza ya shule yetu, karibu na Musanda, ilinuka mafuta ya taa kwa sababu ilikaa kabati moja na chemli. Ilikuwa moja tu, na nilipokuwa darasa la sita kazi ya kuitunza ilikuwa yangu. Niliipenda kamusi ile. Siku moja mwalimu wa Kiingereza alitaka kutufundisha kitenzi 'take', akaifungua, akakuta ukurasa umenyofolewa. Hakuuliza. Alinisimamisha paredi juma zima, upepo ukileta harufu ya miwa iliyochomwa, nikiitwa mwizi mbele ya watoto wa chekechea. Kisha akasema nitafukuzwa.

Kukhu, nyanya aliyenilea, alikuja na kuku wake wa pekee kwapani. "Mwalimu, huyu mtoto haibangi vitu," alisema. "Chukua tu hii ingokho, umsamehe." Mwalimu akachukua. Sikufukuzwa, lakini jina la mwizi halikuniondoka. Hata kanisani wenzangu walisogeza Biblia zao nikikaa karibu. Muhula ulipokaribia kwisha nilitumwa chaki mezani pake, nikauona ukurasa ule ndani ya daftari lake la maandalio, umekunjwa mara mbili, umepigiwa mistari kwa kalamu yake nyekundu. Nilimwambia Kukhu. Akajibu, mwenye nguvu mpishe. Nilimpisha, ila moyoni niliapa.

Siku hizi ninatunga kamusi za shule za Kiingereza kwa Kiswahili, na mwaka huu nimefika herufi T. Nimejifunza kwamba kitenzi 'take' hakikuwa cha Waingereza. Kililetwa na watu wa kaskazini waliovuka bahari kuwapora. Sikushangaa. Kwa Kiswahili neno moja halitoshi: dawa tunakunywa, mtihani tunafanya, mali ya mtu tunatwaa. Kila maana hudai sentensi ya mfano, na sentensi ni zangu. Mwalimu wa darasa la sita alitwaa kuku wa ajuza. Mwalimu wa darasa la sita alikunywa dawa ya tumbo baada ya kula asichokifuga. Mwalimu wa darasa la sita amechukua miaka mingi kuomba radhi, na bado.

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Kukhu tulimzika bila kusikia neno la pole. Watoto wa leo hutafuta maana kwenye simu, hawana ukurasa wa kusingiziwa, nami nawaonea wivu. Mhariri mwenzangu aliniomba nimweke mkulima badala ya mwalimu, nikakataa. Akaniuliza kama mtu huyo yu hai. Nikamwambia yu hai, amestaafu, na ana mjukuu wa gredi ya sita anayependa kusoma kwa sauti.