Orrin Tatro na Maana ya Kupakia

Orrin Tatro hajawahi kusema "sijui" tangu nimfahamu, nami nimemfahamu tangu sote wawili tukiwa na nywele nyeusi. Ukimuuliza njia ya kwenda mahali asipopajua atakuelekeza, utapotea, na ukirudi atakueleza ni wapi wewe ulikosea kukata kona. Nyumba yake na yangu zinatazamana katika mji huu wetu wa West Harlow, Vermont, barabara tu katikati. Mengi ya kwake nimeyaona dirishani kwangu bila kuyatafuta.

Maisha yake yote ya kazi alikaa nyuma ya kaunta ya kampuni ya simu kule bondeni, akipokea malipo na kuuza simu za ukutani. Waya wa nguzoni hakuwahi kuugusa. Lakini alipostaafu, ungemsikiliza ungedhani simu aliibuni yeye. Halmashauri ilipotafuta watu wa kukaa kwenye kamati ya intaneti, hakuna aliyejitokeza, maana vikao viliangukia msimu wa kuwinda kulungu. Orrin akanyoosha mkono, wakampa uenyekiti, na tangu siku hiyo hatukupata raha.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuandika kamusi. Si kutafuta kampuni ya kutuletea laini, si kuhesabu nyumba zisizo na mtandao. Kamusi. Alisema watu hawawezi kupigia kura vitu wasivyovijua maana, akajifungia wakati wote wa baridi kutufafanulia dunia. Ikafungwa pamoja na taarifa ya mwaka ya mji, ile inayoletwa kila nyumba kabla ya Mkutano wa Mji, ambapo wakazi wote hupiga kura, na jina lake likaandikwa kubwa kuliko jina la mji wenyewe.

Seva, aliandika, ni kompyuta inayowahudumia wenzake bila kulalamika. Ruta ni askari wa barabarani wa data. Wingu ni ghala la kuhifadhia picha, na akaonya lisichanganywe na wingu la mvua, kana kwamba kuna mtu West Harlow aliyetoka nje na ndoo kukinga picha. Nenosiri ni siri, na siri ni jambo usilomwambia mtu. Hayo yalijaza kurasa, na watu wazima wenye mashamba na wajukuu wakayasoma mezani huku wakitikisa vichwa.

Halafu akafika kwenye neno mtandao, na hapo, kwa bahati yetu mbaya, alieleweka. Aliandika kwamba mtandao ni kama mirija ya utomvu. Huku kwetu nani asiyejua mirija ya utomvu? Kila mwenye miti ya mepo, ile yenye utomvu mtamu, ameifunga kutoka shina hadi shina, mwembamba ukiingia mnene, mpaka kwenye tangi pale kwenye kibanda cha kuchemshia shira. Kenny wa karakana aliniambia dukani kwamba hatimaye kuna mtu aliyemwelezea intaneti akaielewa. Wote walisema hivyo. Hata mimi niliona ni maneno mazuri, mpaka nilipofungua ukurasa wa saba.

Maana katika mirija ile utomvu huteremka tu. Hakuna anayeurudisha mtini. Orrin alipokwisha kuufanya mtandao wote kuwa mirija, akaandika kwamba kupakua ni kuvuta vitu kutoka mtandaoni kuja kwako, na ndiyo kazi yenyewe ya intaneti. Kupakia, akaandika, ni kupeleka vitu kutoka kwako kwenda mtandaoni, na mtu wa kawaida huhitaji kupakia kidogo mno.

Mtu wa kawaida! Angeinua macho kwenye karatasi zake angemwona mkewe ameketi upande wa pili wa meza.

Lorraine Tatro ni kiziwi tangu utoto. Alisoma shule ya viziwi, akajifunza lugha ya alama, na anapozungumza kwa mikono yake utaona mtu mwepesi, mcheshi, mwenye ulimi mkali kunishinda. Orrin alimchumbia kwa vikaratasi na mpaka leo anamwandikia vikaratasi. Alama alizojifunza kwa miaka yote ya ndoa ni za chakula, chumvi na baridi. Mtu anayemfafanulia maneno kila anayepita barabarani hakuona haja ya kujifunza maneno ya mkewe. Hilo halinipiti kooni na sitajaribu kulimeza.

Aliyekuwa akizungumza na Lorraine ni Noella, binti yao, ambaye husikia lakini alama ndiyo lugha aliyokulia. Sasa anafundisha shule ya viziwi Rochester, jimbo la New York. Nyumbani kwa akina Tatro intaneti ya zamani ilikuwa dhaifu kiasi kwamba picha haikwenda wala haikuja. Kwa hiyo kila Jumamosi nilimchukua Lorraine kwenye gari langu hadi uwanjani mwa maktaba ya mji jirani, ambako mtandao wa maktaba ulifika mpaka nje. Tuliacha injini inaunguruma kwa sababu ya baridi, tukaegemeza tableti kwenye usukani, na wao wakaongea kwa mikono mpaka vioo vikaingia ukungu. Lorraine alicheka hadi kofia ikamdondoka. Orrin tulimwalika. Alisema maktaba inatumia ruta ya kizamani.

Kampuni zilizotaka kutuletea laini zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ushirika wa miji yetu wenyewe, na faiba yake ingepeleka na kuleta kwa kasi ileile, ila ingechelewa. Nyingine ilikuwa kampuni ya kebo, yenye kasi kubwa ya kupakua na kijikasi cha kupakia, na ingeanza upesi. Mtu wa kampuni ya kebo alikuja kwa Orrin, akala keki ya Lorraine, akaisifu kamusi kwamba ni kazi ya kitaalamu. Basi. Mafuta yalishapakwa, na Orrin akawa mtu wao.

Nilimkuta akichomoa barua zake kwenye sanduku, nikamwambia wazi.

"Orrin, Lorraine anaongea kwa mikono. Mikono yake itafikaje Rochester kama kupakia kwenyewe ndiko huko?"

"Soma ukurasa wa saba, jirani."

"Sikuulizi ukurasa. Nakuuliza habari za mkeo."

"Mke wangu atamwona Noella kuliko alivyowahi kumwona."

"Na Noella je?"

"Noella anamjua mama yake alivyo," akasema, akageuka na barua zake akaingia ndani.

Mkutano wa Mji ulifanyika mwezi wa Machi kama kawaida, katika ukumbi wa michezo wa shule. Lorraine alikuwa amejiandaa. Aliiomba halmashauri imletee mkalimani wa lugha ya alama, na mmoja akaagizwa kutoka Burlington. Barabara zilikuwa barafu tupu. Mkalimani akatumbukia mtaroni na gari lake karibu na daraja, hakuumia, lakini hakufika. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wengine, tukipasha maharage na nyama ya nguruwe ya chakula cha mchana, na habari ya mkalimani niliipata baadaye.

Nilitoka na taulo mkononi nikamkuta Lorraine amesimama kati ya viti. Alikuwa akiongea. Mikono yake ilikwenda polepole, wazi, kama mtu anayetamka kila neno ili hata mgeni aelewe, na ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama bila kuelewa lolote. Eunice Farnham, msimamizi wa mkutano, ni mwanamke mwadilifu ila alikuwa amechoka na anasikia harufu ya maharage kama wenzake. Akamgeukia Orrin.

"Orrin, mkeo anasema nini?"

Hapa ndipo mtu mwingine yeyote duniani angesema sijui. Mbwa wangu angesema sijui.

"Anasema anaunga mkono pendekezo la kamati la kuchukua kebo," Orrin akajibu. "Na anaomba tusicheleweshe chakula."

Watu wakacheka, kicheko kizuri cha majirani, wakampigia Lorraine makofi. Naye alipoona makofi alitabasamu. Alidhani wamemwelewa.

Nikapaza sauti kwamba hakusema hivyo. Eunice akaniuliza kama najua alichosema. Nikamwambia namjua Lorraine, hiyo inatosha, apewe karatasi aandike. Orrin akasimama na kanuni zake, kwamba mjadala ni kwa kusema na si kwa kuandika, na mtu fulani nyuma akapendekeza mjadala ufungwe. Nilipita katikati ya magoti ya watu nikampa Lorraine kalamu na nyuma ya karatasi ya ajenda, nikamwonyesha kwa vidole kwamba hawajamwelewa. Tabasamu likamtoka. Akainama, akaandika haraka. Alikuwa bado ameinama wakati Eunice alipoita kura, na ukumbi ukaitikia "Ndiyo". Alipoinua kichwa aliona midomo ya majirani zake wote iko wazi. Ile karatasi ninayo. Imeandikwa: Nataka binti yangu anione ninaposema.

Kebo ilifungwa kabla majani hayajaanza kupukutika. Orrin akaandaa sherehe ndogo sebuleni kwake, na sisi majirani tukaitwa kuja kustaajabu. Kwa kweli picha ilikuwa safi. Noella alionekana mpaka madoadoa ya puani. Lorraine akakaa mbele ya skrini, akaanza kumweleza jambo refu, na nilimwona Noella akikunja uso, akisogea karibu, akisogea tena.

"Mama umeganda," sauti yake ikasema, huku mikono yake ikimwambia mama yake lilelile. "Unaruka, halafu unaganda. Sipati hata neno."

Lorraine akarudia taratibu. Akarudia alama moja moja, mkono juu, anasubiri, mkono juu tena. Wageni wakaanza kutazama vikombe vyao. Orrin akachukua kikaratasi, akaandika, akamsogezea mkewe kwa kidole kimoja. Nilikisoma juu ya bega lake. Kilisema: Ni kawaida. Angalia uk. 7.

Lorraine alikisoma mara mbili. Hakukichana wala hakumtupia. Alikikunja, akakiweka chini ya kikombe cha Orrin, akaenda jikoni kukatia wageni keki, na mimi nikajua.

Noella alikuja na gari la kukodi kumchukua. Lorraine alibeba nguo zake na cherehani yake, na mwanamke akibeba cherehani haendi kutembea. Tuliagana barabarani, analia na mimi nalia. Orrin alisimama kibarazani akimweleza Noella njia bora ya kufika Rochester. Dukani alitangaza kwamba mkewe yuko mapumziko. Kenny alipomuuliza mapumziko hadi lini, akamweleza mapumziko ni nini.

Januari nilianza kumwona dirishani pa jikoni akirusharusha mikono juu ya sinki. Kwanza nilidhani anafukuza nzi, nikakumbuka ni Januari, baridi isiyo na nzi. Halafu siku moja akanivukia barabara, eti anataka shahidi wa kasi ya laini yake, kampuni imemwomba. Uongo mtupu, alitaka mtu wa kukaa naye. Nilimfuata kwa sababu ya kumwona Lorraine, si kwa sababu yake.

Mezani palikuwa na kitabu cha maktaba, picha za mikono na mishale. Kilikuwa kimefunuliwa, na chini ya picha pameandikwa: rudi nyumbani. Nikakitazama, nikamtazama yeye, akakifunika kwa kamusi yake.

Wakatokea wote wawili kwenye skrini, mama na binti, Lorraine amenenepa kidogo, kanyoa nywele fupi, anapendeza. Orrin akajiweka sawa kwenye kiti. Akainua mikono yake ile minene ya kaunta, akafanya alama ya kwanza, akafanya ya pili, jasho likimtoka. Kusema haki, alizifanya kama zilivyo kitabuni.

"Baba, umeganda," Noella akasema. "Naona mkono mmoja uko juu tu. Unataka kusema nini?"

Akarudia. Lorraine alikuwa amesogea mbele, uso umeijaza skrini, anatafuta.

"Haupiti, baba. Sema kwa mdomo, nitamfasiria. Sema tu."

Orrin akanitazama. Ningeweza kutoka nje, na mtu mwema angetoka. Nilibaki nimekaa, kwa sababu nilitaka kusikia neno hilo likimtoka, na kwa sababu nilikuwa bado nina hasira za mwezi wa Machi. Lorraine alikuwa ameigeukia mikono ya binti yake, anangoja aambiwe.

Orrin akakohoa.

"Mwambie mama yako," akasema, "kwamba kasi ya kupakua na kasi ya kupakia ni vitu viwili tofauti."

Noella hakuinua mikono.

"Mwambie. Kupakia, maana yake ni..."

Na akaeleza. Aliieleza yote, mpaka mwisho wa ukurasa. Noella aliilaza mikono yake mapajani. Lorraine aliitazama ile mikono iliyotulia, kisha akatutazama sisi, akasukuma kiti chake nyuma akasimama. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba niliona uzi mwekundu ulionasa kwenye mkono wa sweta lake, mpaka alipotoka.