Mpira Uliopakwa Samli

Upepo wa Singida ukishaanza, mtu hakai. Nilikuwa nashona, mguu mmoja uko kwenye cherehani na mwingine unataka kwenda zake. Kiangazi kile upepo ulikuja mapema. Ulinyofoa nyasi za mapaa ya soko ukazitupa barabarani, nami kila mara nikawa nanyanyua kichwa kunusa. Nikinusa moshi, nasimama. Kumbe kuna mama anakaanga karanga. Nakaa. Kidogo tu, nimesimama tena.

"Wewe una mchwa kwenye kiti?" aliniuliza fundi mwenzangu.

Sikuwa na mchwa, nilikuwa na cheo. Baraza lilikuwa limenichagua niwe mkaguzi wa zana za zimamoto. Si kwa sababu ya shule, maana shule yangu iliishia darasa la nne. Mpira wa maji wa pampu yetu ulikuwa wa turubai, mzee mmoja barazani akasema lazima awepo mtu anayejua kitambaa, basi wakanitazama mimi. Tulikuwa wakaguzi wawili. Mwenzangu alikuwa mzee aliyepigana vita akiwa Keya, askari wa Mwingereza, na mpaka wakati huo alikuwa akitembea kama kuna ngoma inampigia ambayo sisi wengine hatuisikii. Kila baada ya mnada tulikwenda kwenye banda la bati nyuma ya soko, tukaangalia kama pampu inasukumika, ndoo hazijatoboka na ngazi haijaliwa na mchwa. Kisha tunalieleza baraza tulichokiona.

Watu walitucheka. Kwetu nyumba nyingi ni tembe, udongo chini na udongo juu. "Mtazima udongo nyie?" walituuliza. Lakini soko lilikuwa nyasi tupu, mabanda yamebanana kama mbuzi kwenye mvua, na ndani yake mna samli, karanga na ngozi kavu. Banda la mama yangu lilikuwa katikati kabisa, naye alipika uji wa kuuza humo humo ndani, juu ya mafiga. Ndiyo maana nilikuwa nanusanusa.

Mwenyewe nilitaka sana kuwa na banda langu. Nililiona kila siku nikiwa nashona: mkasi umechorwa ukutani kwa chokaa, maharusi wanatoka Mgori mpaka Ulemo kuja kupimwa, na juu kuna paa la turubai ambalo upepo hauwezi kulinyofoa. Turubai nilikuwa nalo tayari, kipande kizito cha kijani alichonipa fundi wangu nilipohitimu ushonaji. Nilikilaza chini ya godoro, na nilikilalia kwa furaha ingawa kilikuwa kigumu.

Siku moja tarishi akaja kutoka bomani. Alisema Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, anakuja keshokutwa kutazama zoezi la zimamoto, na kama pampu haifanyi kazi itahamishiwa mji mwingine. Alisema hivyo akicheka, kama mtu anayetangaza mvua. Mimi niliacha mshono katikati.

Kesho yake asubuhi tukaenda bandani mimi na mzee. Nyapara wa zimamoto alikuwa mlangoni anatusubiri. Alikuwa Mnyiramba mnene, mpole, mwenye sauti ndogo. Aliupenda ule mpira kupita kiasi. Aliukunjua kila jua likitoka na kuukunja kila jua likizama, hata wanawake wa sokoni wakauita mke wake.

"Shemeji," mmoja wao alimpigia kelele siku ile, "mkeo mrefu ameamkaje?"

"Hajambo, ila hapendi wambea!"

Alikuwa akicheka, lakini alipotufungulia mlango aliacha. Mpira ulikuwa umetobolewa. Pembeni mwa matundu, kitambaa kilikuwa kimetafunwatafunwa kama muwa.

"Panya," mzee alisema. "Panya wanataka nini kwenye turubai?"

Nikaugusa. Vidole vyangu viliteleza. Nikavinusa, nikaijua ile harufu, kwa sababu ndiyo harufu ya banda la mama yangu.

"Samli," nilisema. "Nani kaupaka samli?"

Nyapara akatutazama mmoja mmoja, kama anayeulizwa ni nani aliyemwogesha mtoto wake. "Mimi. Ulianza kukakamaa kwa jua. Ngozi ya ngoma ikikakamaa unaipaka nini? Mkanda wa ngozi ya ng'ombe? Mtoto akizaliwa unampaka nini? Nimeupaka samli nzuri, ya kula."

Hata mimi nilipakwa samli hiyo nilipozaliwa.

Nikakimbia nyumbani, nikavuta turubai langu chini ya godoro. Mama alikuwa anapepeta karanga.

"Unalipeleka wapi paa lako, baba?"

"Naenda kulipima," nilisema. Aliacha kupepeta.

Nilikaa mlangoni mwa lile banda mchana kutwa, nikakata viraka, nikavishona kwa mkono kwa uzi niliousugua nta. Kila nikikata, bwana, nilihisi harusi moja ya Mgori imeahirishwa. Nyapara alinishikia mpira magotini mwake. Kabla jua halijazama tukaupeleka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, vijana wake wakasukuma.

Viraka vilishika. Nilitaka kurukaruka. Kisha nikaona kitambaa chenyewe, pale pasipo na tundu wala kiraka, kinatoka matone. Hapo ndipo nilipoelewa. Turubai la namna ile likilowa linavimba, nyuzi zinabanana, maji hayapiti tena. Lakini lililonywa samli halinywi maji. Halitavimba.

"Ni jasho tu," nyapara alisema haraka. "Hata mtu akifanya kazi anatoka jasho."

Tulipobaki wawili nikamwambia mzee, "Kesho maji yatafika. Zoezi ni dogo. Tukinyamaza, pampu inabaki."

"Na moto ukija?"

"Labda hautakuja."

"Hebu sikiliza upepo huo," alisema, akaondoka na ngoma yake.

Bwana Shauri alifika asubuhi, ameshika kofia kwa mkono mmoja isipeperuke. Soko zima lilijaa. Vijana wakasukuma, nyapara akashika mdomo wa mpira, maji yakaruka mpaka juu ya paa la banda la kwanza. Wanawake wakapiga vigelegele. "Mke mrefu huyo! Mke mrefu!" Bwana Shauri akatabasamu, akatugeukia.

"Wakaguzi mnasemaje?"

Mzee akasimama wima. "Mambo ya kitambaa anayajua kijana huyu, bwana."

Miguu yangu ilitaka kukimbia, na kusema kweli sijui ilitaka kukimbilia upande gani. Mama alikuwa mbele ya banda lake, mwiko mkononi, moshi wa uji unamzunguka. Nyapara alikuwa ananitazama, maji yanamtiririka kwenye kidevu. Nikawaza soko bila pampu. Nikawaza soko lenye pampu ambayo kila mtu anaitegemea, nyasi zinawaka, na mpira unatoka jasho.

"Naomba wasukume tena," nilisema. "Wasukume kama moto umeshika kweli. Wasipumzike."

Walisukuma. Mpira mzima ukaanza kuvuja, kwanza matone, halafu kama kichujio cha pombe. Maji ya mdomoni yakashuka kutoka kwenye paa, yakashuka kwenye ukuta, mwisho yakawa yanamwangukia nyapara miguuni. Vigelegele vilikatika.

"Nani ameuharibu?" Bwana Shauri aliuliza.

Mzee ndiye aliyejibu. "Ulipakwa samli, bwana. Huku kwetu kitu kizuri hupakwa samli. Hatukuambiwa kuwa huu haupakwi."

Bwana Shauri alimtazama nyapara aliyelowa miguu. Akasema pampu ikae kwanza, atafikiri. Mpira akaupakia kwenye gari lake, na viraka vyangu vyote vya kijani.

Basi, tukabaki na pampu isiyo na mpira na upepo usio na adabu. Watu wengine waliacha kunisalimu. "Ulimi wako mrefu kuliko mpira," shangazi mmoja wa sokoni aliniambia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia akiwa amegeuka. Sikuweza kushona mshono ulionyooka. Nilizunguka sokoni asubuhi na jioni nikihesabu mafiga kama mwendawazimu, mpaka siku moja nilikuta mama ameyatoa nje ya banda, uwanjani, amechimba shimo na kuzungushia mawe. Yule shangazi naye akatoa ya kwake, huku akilalamika kwamba jua litamuua. Baadaye na wengine.

Karibu na mvua za kwanza, lori lililoleta chumvi lilishusha mpira mpya pale sokoni, umefungwa gunia. Nyapara aliitwa, akaja mbio, tumbo likimtangulia. Akaufungua, akaunusa, akauweka shavuni.

"Mke wa pili!" wanawake walipiga kelele.

Alinivuta pembeni, akaninong'oneza, "Fundi, huyu nimpake nini?"

"Usimpake chochote. Akilowa, mwanike kivulini. Akikauka, mkunje."

"Basi?"

"Basi."

Alisimama na mpira mikononi, anaupitisha kiganja chake kikavu, mara huku mara huku, kama mtu aliyeambiwa ampende mtoto kwa mbali. Upepo ulikuwa bado unavuma. Nilinusa. Ilikuwa karanga.