Maganda ya Risasi ya Shemeji

Mimi shaba nimeijua kabla sijajua kusoma. Baba alifua bangili, nami nikafua bangili palepale Mabatini, na mtu wa kunifundisha namna ya kuilainisha kwa moto sikumtaka. Ndiyo maana shemeji yangu, mume wa dada, aliponiletea maganda ishirini ya risasi nilimsikiliza nusunusu.

Yeye alikuwa mwindaji wa mamba. Mzungu aliyemwajiri, alipofungasha virago karibu na Uhuru, alimwachia bunduki pamoja na vyombo vya kujazia risasi upya. Ganda likishajazwa mara nyingi, shingo yake hukakamaa na kupasuka, kwa hiyo lazima lilainishwe.

"Yasimamishe kwenye maji, shemeji," aliniambia. "Kitako kizame, uchome shingo tu."

"Loo! Leo mwinda mamba ananifundisha shaba?" Nikacheka. "Nenda zako, njoo kesho."

Alipotoka tu, nikayamwaga yote kwenye makaa, nikavukuta mpaka yakawa mekundu, kama nilivyofanya bangili. Nani angekaa kusimamisha moja moja kwenye karai la maji? Kesho yake akaja, akanishukuru kwa adabu zote, akaenda kuyajaza.

Siku ya tatu alikuja askari mstaafu wa vita vya Burma kuzibiwa sufuria. Akaokota ganda moja lililosahaulika jivuni, akalibana kitako kwa koleo langu. Likabonyea.

"Nani kakichoma kitako?" akauliza. "Hiki ndicho kinachozuia moto. Kikilegea, baruti inamrudia mpigaji usoni."

Shemeji alikuwa anaondoka kwenda kuwinda asubuhi ileile. Nikadandia baiskeli, nikaikanyaga mpaka ufukweni Pasiansi, nikakuta mtumbwi aliopanda na wenzake umeshafika mbali. Nikaingia ziwani hadi kiunoni, nikavua shati, nikalipunga huku napiga kelele, "Rudi! Usipige hizo!" Upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu. Yeye akasimama mtumbwini, akanipungia mkono kuniaga. Kisha akakaa, wakaendelea kupiga kasia.

Ningefanya nini? Mtumbwi mwingine pale haukuwepo, na kisiwa walichokiendea hakuna aliyekijua. Siku nne chakula hakikupita kooni. Dada akija jioni ananitania, "Kaka, unaumwa au umependa?" Nami nashindwa kumwambia. Niliogopa, basi. Sina neno jingine la kujitetea.

Alirudishwa amefungwa kitambaa usoni. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. Nilimkuta kwake amelazwa kwenye mkeka, dada kakaa pembeni analia kwa hasira.

"Baruti niliizidisha mwenyewe," akamwambia mkewe, na jicho lililobaki likawa linanitazama mimi.

Nikafungua mdomo niseme.

"Umesikia, kaka?" dada akanikatiza. "Huyu hajui kazi! Kuanzia leo risasi zake zote atakuletea wewe, uzitengeneze mwanzo mpaka mwisho. Wewe ndiye ninayekuamini."

Shemeji akageukia ukutani.

"Sawa, dada," nikasema.