Kichwa cha Mjusi

Usiku wa kuamkia jana sikupata usingizi. Nikisema, watu wa bondeni watawaua nyoka wale wote. Nisiposema, ipo siku mtoto atamshika mmoja. Viatu vyangu mlangoni vilinuka udongo mweusi wa bondeni, na harufu hiyo ikanirudisha darasa la pili.

Huku kwetu Mufindi, mvua zikiisha tunashuka kulima vinyungu, yale matuta ya bondeni ambako unyevu haukauki. Siku hiyo shangazi alitangulia na jembe, mimi nikamfuata peku nikiokota magugu. Jembe likapindua bonge la udongo, na kitu kikateleza kikatulia juu ya mguu wangu.

"Usitikisike," alisema shangazi.

Nikaganda. Nilichoweza ni kumtazama tu yule nyoka. Alikuwa mfupi kuliko mkono wangu, mnene kidogo, rangi ya majani yaliyooza, na michirizi miwili ya manjano ilimpitia mgongoni ikipindapinda hadi kwenye kimkia chake kifupi. Magamba yalikuwa makavu, ya kukwaruza. Kichwa kifupi cha mviringo, macho makubwa ajabu, mboni imesimama wima kama ya paka juani.

Shangazi akacheka. "Ah, huyu mla minyoo tu! Kifutu kichwa chake kipana kama koleo. Huyu kichwa cha mjusi, hana neno."

Ndivyo bonde zima lilivyowapanga nyoka, kwa upana wa kichwa. Akainama na mkono mtupu. Nyoka akajikunja, shingo ikarudi nyuma.

"Shangazi, anakutazama," nilinong'ona.

"Anipose basi!"

Akamnyanyua kwa katikati, akamrusha majanini, akaendelea kulima. Mimi nilibaki nimesimama, mguu bado una ubaridi wake.

Miaka baadaye, kwenye maabara ya chuo, nilimkuta nyoka wa aina ile ndani ya chupa, na macho yaleyale. Kumbe ni wa ukoo wa kifutu kabisa. Kwa ajili ya kile kichwa kifupi, wataalamu waliwahi kumpa jenasi, yaani kundi, ya peke yake, kisha wakamrudisha kwa jamaa zake wa vichakani, ingawa yeye hukaa chini na minyoo yake. Sumu yake inaweza kumfanya nini binadamu, hakuna ajuaye vizuri. Na haishi popote duniani ila milima hii ya kwetu. Niliomba kiti. Nilikuwa naviona vidole vya shangazi. Utotoni niliamini ujasiri wake ndio ulioniokoa. Kumbe sote wawili tulipona kwa bahati.

Jana asubuhi nikashuka bondeni. Shangazi ana mvi sasa, na nyuma ya jembe lake wajukuu wanafuata peku, kama mimi.

"Kamwene, shangazi," nikamsalimu, halafu nikamwaga yote bila kupumua.

Akaegemea jembe, akautazama mkono wake, ndani na nje. "Sasa tumuue?"

"Hapana. Msimshike, na msimuue. Mwondoeni kwa ufito."

"Ufito upi?"

Nikakata mwanzi mrefu, nikauchomeka kwenye kichwa cha tuta. Kisha nikawapandisha watoto nyumbani wakavae viatu.