Fundi siti wa Sumbawanga aliyeikimbia siti yake mwenyewe

Saa moja asubuhi. Baridi ya Sumbawanga inang'ata vidole, lakini Jovina Sikazwe (41) ameshakunja mikono ya sweta na anaibandua siti ya pikipiki kwa koleo. Pini zinaruka. Siti yenyewe ni nzima, haina hata doa, na aliishona yeye.

"Hii ni ya arobaini na moja," anasema. "Zimebaki kumi na tisa huko barabarani. Nikizikumbuka silali."

Kwa miaka minne siti hiyo ndiyo iliyompa jina mjini. Madereva wa bodaboda waliibatiza "siti kabati". Nyuma, anapokaa abiria, Jovina aliweka kisanduku cha mbao chenye kifuniko, humo dereva akaweka koti la mvua na spana. Juu ya kifuniko akashindilia sponji. Abiria akapanda juu vidole vinne, na madereva wakapenda, maana pikipiki ilionekana ya kisasa. Kila siti aliiuza Sh60,000, na mjane huyu akasomesha watoto watatu.

Kuijaribu? Aliijaribu, tena kwa makini: juu ya benchi, hapo hapo kibandani. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Jovina aliisifu miaka minne bila kupata tone.

Ilimnyeshea Mei mwaka huu, shangazi yake alipofariki Ilemba. Kwenda huko ni kuuacha uwanda wa juu na kuteremka mlima hadi bonde la Ziwa Rukwa. Alipanda pikipiki ya Gaudensi, mteja wake wa zamani, akakaa juu ya kazi ya mikono yake akitabasamu. Tabasamu liliishia kwenye kona ya kwanza ya mteremko.

"Jamani! Nilianza kuteleza mbele. Nikamgandamiza Gaudensi mgongoni, naye akabanwa kwenye tangi. Natafuta chuma cha kushika nyuma, hakipo. Nilikiondoa mwenyewe ili kisanduku kienee! Nikapiga kelele kama mtoto: nishushe!"

Gaudensi alisimama bila kushangaa. "Shuka tu, mama. Wengi hushukia hapa," alimwambia. "Wanatembea mpaka chini, mimi natangulia kuwasubiri."

Jovina akashuka, akatembea. Miaka minne, na hakuna aliyemwambia! Lakini nani angemwambia? Aliyekuja kibandani kuchagua siti ni dereva, na dereva hukaa mbele.

Msibani akakutana na kubwa zaidi. Alikuwa akimenya viazi na wanawake wenzake, na kando yao Mariana, mjamzito wa miezi sita, ameloweka miguu iliyovimba kwenye beseni. Jana yake alitoka kliniki mjini, na mteremko wote aliushuka kwa miguu.

"Hivi aliyetengeneza zile siti alizaliwa na nani?" Mariana aliuliza, bila kumjua aliyeketi mbele yake. Wanawake wakacheka.

"Kisu kilinidondoka," anasema Jovina. "Nikamwambia, mdogo wangu, ni mimi."

Tangu arudi mjini anaziita siti zake na kuzirekebisha bure. Si kila dereva anafurahi. Mmoja amemjia juu asubuhi hii: "Mama, unaniharibia urembo wa chombo!" Jovina amemjibu apande nyuma yeye, apelekwe Ilemba. Dereva amekabidhi siti.

Siti mpya ni ya chini, ina tuta dogo la sponji linalomzuia abiria asiteleze, na chuma cha kushikia kimerudi mahali pake. Kisanduku amekihamishia nyuma kabisa, juu ya keria. Benchi la majaribio ameligeuza la kukalia wateja.

Mariana anatarajia kujifungua hospitali ya mjini mwezi ujao, na Jovina ameahidi kwamba mama na mtoto watarudi nyumbani juu ya siti hiyo. Ameshateremka nayo mara nne. Jumamosi anateremka ya tano, na safari hii amepima kilo tatu na nusu za maharage, akayafunga ndani ya kitenge.

"Nitayapakata hivi, mkono mmoja kwenye chuma," anasema, akiyakumbatia kifuani. "Mzazi aliyetoka wodini hatembei mteremko ule. Haya maharage yakinisogea hata kidogo, narudi kuichana siti hii."