Mwenyekiti Aliyezidiwa Kimo na Mbuzi

Aibu nyingine mtu unaweza kuikana, lakini yangu ilibandikwa ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo na watu wote wakaiona, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wauza samaki wa hapa Nchelenge, kando ya ziwa, ambao huitia chumvi.

Likizo ile nilikuwa nafundisha watoto sanaa ya Misri ya kale kwenye ukumbi wa kanisa letu (mimi ni fundi cherehani, lakini mkasi ni mkasi), na siku ya kuwaonyesha wazazi ndiyo siku ambayo wazee wangeamua kama ukumbi ubaki wa watoto au apewe mfanyabiashara mmoja aweke nyavu zake. Tulikata watu kwenye mifuko ya saruji, ile karatasi ya kahawia, tukawapaka mkaa na vumbi la tofali: uso wa upande, jicho zima, miguu yote inaelekea kulekule. Na wale Wamisri walikuwa na kanuni yao: mwenye cheo huchorwa mkubwa kuliko wenzake. Nikamwambia kila mtoto akate familia yake. Kazi zilitoka nzuri mno, nasema bila haya, na hapo ndipo kichwa changu kilipovimba.

Ukumbi ulipojaa ningeweza kusema "karibuni mtazame" nikakaa zangu, lakini wapi, nikasimama nikaeleza kanuni ya ukubwa kwa sauti, nikarudia, nikamwonyesha kidole mwenyekiti wa wazee, Ba Mwansa, mnunuzi wa samaki, nikasema mkubwa kama huyu angekuwa na kimo cha mlango! Na picha zenyewe sikuwa nimezikagua moja moja (nilikuwa nakimbizana na gundi).

Watu wakasongamana ukutani kujitafuta. Bibi mmoja alijikuta mrefu kuliko wakwe zake wote, akapiga vigelegele. Ba Mwansa akafika kwenye kazi ya binti yake Mwape: mama amejaa karatasi nzima, mbuzi anamfuata, na chini ya kwato, ndani ya mtumbwi, kijitu cha ukubwa wa kidole.

"Mwalimu, njo miye huyu? Chini ya mbuzi?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Mimi nikaona nyavu zinaingia mlangoni. Nikaropoka kwamba kwa Wamisri mbuzi alikuwa na heshima kubwa sana, nikazidi kuharibu.

Mwape akamvuta baba yake shati. "Papa, ku picha weye uko ku Kilwa, ngambo ya ziwa, na samaki. Mutu akiwa mbali anaonekanaka mudogo."

Ba Mwansa akainama, akakigusa kile kijitu, akawaambia wazee wenzake kwamba ukuta huu umemwambia jambo ambalo nyumbani haambiwi, basi ukumbi ubaki wa watoto. Nikatabasamu kama vile nilipanga mimi. Kisha akamgeukia binti yangu, Nadine, ambaye kwenye karatasi yake nami nilikuwa kijitu tu, mbuzi wetu akinizidi kimo.

"Na weye, papa yako haendake mbali. Juu ya nini iko mudogo?"

"Kila siku iko na batoto ya bantu bengine."

Hiyo sasa ndiyo iliyoniuma.

Naapa sitatoa hotuba tena mbele ya ukuta ambao sijaukagua. Darasa linaendelea, ila jioni mkasi ni wangu na Nadine, nyumbani, sisi wawili. Juzi kanikata upya: nimefika kiunoni kwa mama yake, na mbuzi nimeshampita.