Kikwembe ya maua mbele ya wakwe

Municheke tu, miye nimekwisha kuzoea, hata watoto wa Bigo, mutaa yangu hapa Bunia, wanaijua hii habari: miye, fundi wa kushona, niliketi mbele ya wakwe na koti na kravati, na chini nimejifunga kikwembe ya maua kama mwanamuke.

Ilianza na boti, ile viatu mirefu ya mpira ya kukanyagia matope. Dorcasi, muchumba wangu, kwao ni kule juu mu milima ya Djugu, upande wa ziwa, na kwao muchumba haitwe mu jua, anaitwa mu mvula, wakati moto, ile pikipiki, inashindwa kupanda na kila mutu anapanda na miguu yake. (Miye nilifikiri tu walikosea tarehe.) Dorcasi alitangulia kwenda kupika, akanipigia simu: «Kumbuka boti, nakuomba. Na usimushike mama mukono, kwetu mukwe na mama wa bibi yake hawagusane mpaka sherehe ya ndoa iishe.» Nikamujibu ndiyo, ndiyo. Kisha nikaangalia ile kostimu ya bleu, koti na suruali yake, nilijishonea miye mwenyewe, nikaangalia boti ya mpira, nikasema hapana, hii ni haya, mutu hawezi kuharibu kazi ya fundi namna hii. Nikavaa viatu ya ncha, ile inang'aa.

Ah, asiyesikia anavunjika mguu! Moto iliniacha pale barabara inaishia, nikaanza kupanda, mvula nayo ikaanza, na ile potopoto, matope ya kwao, haina huruma, unapanda kidogo, unarudia chini, unapanda tena, mpaka nikaanza kutambaa kama mutoto, kravati iko inafagia njia.

Njo nikasikia sauti juu yangu: «Weye njo muchumba wa Dorcasi?»

Mama moja, jembe mukononi, anatoka shamba. Nilimujua palepale, picha yake iko mu simu ya Dorcasi. Mama mukwe wangu! Na miye niko chini, mikono na magoti mu matope.

«Ndiyo, mama.»

«Simama basi, mwanangu.»

«Miguu inakatala, mama.»

Akaangalia mukono wake, akaangalia wangu, tukaona haya siye wote wawili. Basi akageuza jembe, akaninyooshea mupini. Akili nzuri, kusema kweli, lakini miye nikavuta kwa nguvu yote, na nyuma yangu nikasikia traaa! suruali imepasuka kwenye mushono (mushono wangu, ule watu wanasifu mpaka upande wa Mbunya, kule Bunia!), nikashituka, nikavuta tena, mama akakuja, jembe ikakuja, siye wote mpaka chini mu shamba ya viazi. Walitukataza kushikana mukono. Siye tukabebana mwili muzima.

Nililala mule, nikawaza: Dorcasi nimemukosa, basi. Halafu nikasikia mama anacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, machozi na mvula pamoja: «Ee Yesu, tangu tulirudia huku sijacheka hivi!» (Walikuwa wamekimbia vita, wakakaa muda murefu mu kambi.) Miye pia nikacheka, na nilimupenda ule mama palepale.

Nyumbani Dorcasi akaangalia viatu yangu, akanipa kikwembe yake. Suruali ikaenda jikoni na mama. Mujomba wake, mukubwa wa familia, mutu hachekacheki, akaniangalia kuanzia kravati mpaka maua.

«Siye tunaita muchumba mu mvula juu ya kitu moja,» akasema. «Mama huyu anakaa peke yake mu nyumba hii. Siku atagonjwa mu mvula kama hii, ni nani atapanda kumubeba? Weye? Weye mwenyewe ulivutwa na jembe!»

Nikakaza kikwembe kiunoni, sababu alisema kweli. Dorcasi akainamisha kichwa, na roho yangu ikaniuma sana.

Njo sauti ikatoka jikoni, polepole: «Yaya, kaka yangu, acha. Alianguka, ndiyo, lakini hakurudia Bunia. Na angalia, niko namushonea suruali. Mutu anashonea mutoto wake. Sasa nitamufukuza namna gani?»

Mujomba akaangalia juu, mvula inapiga manjanja, ile mabati ya nyumba. Kisha akasema: «Bon, sawa. Mumupatie chakula.» Dorcasi akakimbilia jikoni, nikajua anaenda kulia na furaha.

Leo Dorcasi iko bibi yangu. Mwaka jana mama aligonjwa kweli, na mvula ilikuwa ileile, nikavaa boti, nikapanda, nikamushusha mugongoni mpaka barabarani (sherehe ya ndoa iliisha, kugusa inaruhusiwa). Alikuwa na homa kali, lakini kwenye ile shamba ya viazi akanisemesha mu sikio: «Mwanangu, leo usivute kitu.»

Alipona, Mungu asifiwe. Viatu ya ncha nilimupa jirani, sitapanda tena mulima bila boti. Na ile suruali niko nayo: uzi mweupe juu ya bleu, umepindapinda, wateja wananiuliza ni fundi gani aliharibu hivi. Nawajibu ni mama. Nimekamata mikasi mara mingi niitengeneze, na kila mara nimeirudisha mezani.